Kaseti Zenye Jina la Chausiku

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Iko mbali, haihusiani na yeyote tunayemfahamu, na atakayedhani amewahi kumwona Mkurugenzi Tawakali akishuka kwenye gari lake jeupe, huyo amemfananisha tu.

Katika nchi hiyo, nyuma ya soko kuu la mji mkuu, palikuwa na banda la gemu. Mwenye banda aliitwa Chausiku, mjane mfupi mwenye mdomo mkali. Marehemu mumewe alimwachia tivii mbili zenye visogo vikubwa, mashine mbili za gemu, na rafu nzima ya kaseti za zamani ambazo nchi nyingine zilikwisha kuzisahau. Wapagazi, wauza samaki, hata askari waliotakiwa kuwa lindoni, walikuja kubanana kwenye benchi lake, wakatoa sarafu, wakashika pedi wakacheza. Kaseti ikigoma, Chausiku aliichomoa, akaipuliza kwenye meno yake ya shaba, akairudisha, nayo ikawaka. Iliyopendwa kuliko zote ni Kima wa Mnazini. Kima alipanda mnazi huku akikwepa madafu, na akifika kileleni alikuta mnazi mwingine mrefu zaidi unamngoja. Hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake, na hakuna aliyelalamika.

Basi siku moja akapita mgeni kutoka ng'ambo, mwenye kofia pana, akaingia kwa Machano kinyozi aliyepakana na Chausiku ili akatwe ndevu. Machano alikuwa na kaseti moja kuukuu aliyokuwa akiizuilia mlango usijifunge kwa upepo. Mgeni akaiinua, akaigeuzageuza, akamlipa Machano pesa ambayo angeipata kwa kunyoa mwezi mzima. Machano akanunua nyama, akawaita majirani, wakala. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba kaseti ile ya kuzuilia mlango imeuzwa huko ng'ambo kwa bei ya nyumba. Tangu siku hiyo Machano akawa ananyoa huku macho yake yako barabarani, akitazama kama kofia pana itapita tena.

Kofia pana zikapita nyingi. Habari zikafika Ikulu, na Mtukufu Mlezi wa Taifa akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi maadui zetu wametucheka kwamba kwetu kila kitu ni haba. Sukari haba, maji haba, dawa haba. Leo dunia imekubali kwamba kitu haba ndicho chenye thamani. Kumbe wakati wote huo tulikuwa tunajilimbikizia utajiri."

Watu wakapiga makofi, maana askari walikuwa wanatazama mikono. Jioni hiyohiyo ikaundwa Mamlaka ya Vitu Adimu, na Tawakali, mdogo wa marehemu mume wa Chausiku, akateuliwa kuwa Mkurugenzi. Alikuwa hajawahi kucheza gemu hata moja, jambo ambalo tangazo la uteuzi lilisema linamwepusha na upendeleo.

Haikupita muda akafika bandani na wakadiriaji wake. Walivaa glavu nyeupe, wakabeba lenzi na sufuria ndogo ya kuchemshia vifaa. Wakawaondoa wapagazi kwenye benchi, wakaanza kushusha kaseti rafuni mojamoja. Walizinusa. Walizigonga kwa kucha. Mmoja aliitazama Kima wa Mnazini kwa lenzi mpaka akalengwa na machozi.

"Alama nane," alinong'ona. "Ina mkwaruzo wa kihistoria."

"Huo mkwaruzo ni wa sufuria ya uji," Chausiku alisema. "Iliangukiwa."

"Andika, uji wa kihistoria," mkadiriaji akamwambia mwenzake.

Tawakali alikaa kwenye benchi akaikunja miguu. "Shemeji, nakupongeza," alisema. "Kwa mujibu wa hesabu za Mamlaka, rafu yako ina thamani kuliko mtaa huu mzima. Wewe ni tajiri."

"Hizo pesa nitazipata lini?"

"Hazitoki kwangu kuja kwako, shemeji. Zinatoka kwako kuja kwangu. Tajiri hulipa kodi ya hazina."

Akamtajia kodi. Chausiku akacheka, kisha akaona Tawakali na wakadiriaji hawacheki.

"Sina hata robo ya hiyo," alisema. "Kama zina thamani kiasi hicho, zinunueni, mkate kodi yenu humohumo, nibaki na changu."

"Tunanunua. Bei yetu ya kununulia ni ya plastiki chakavu, kwa kilo."

"Sasa hivi ulisema zinashinda mtaa mzima."

Tawakali akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgonjwa jina la ugonjwa wake. "Shemeji, unachanganya mambo. Kuna bei ya kutozea kodi, kuna bei ya kununulia, na kuna bei ya kuuzia. Nchi isiyo na bei tatu haiwezi kupanga maendeleo."

"Kaka yako angekusikia."

"Kaka yangu alikufa maskini akiwa amekaa juu ya hazina hii. Mimi namsahihishia kosa lake."

Wakachukua nusu ya rafu kwa hesabu ya kodi. Siku chache baadaye Chausiku alipita mbele ya jengo la Mamlaka akaziona kaseti zake dirishani, zimefungiwa ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka, kila moja imewekewa taa yake na bei yake. Alisimama akaisoma bei, akarudi kuisoma tena, akadhani macho yamemdanganya. Mlinzi akamwambia asogee, kwani pumzi yake ilikuwa inatia ukungu kwenye kioo. Kabla ya mwisho wa mwezi kofia pana zilikuwa zimezibeba zote ng'ambo, na Tawakali amebadilisha gari.

Kilichomuuma Chausiku zaidi ya bei ni ile plastiki. Kaseti iliyofungiwa vile haiwezi tena kuchomekwa kwenye mashine. Alimuuliza Machano, ambaye siku hizo alizijua kanuni za Mamlaka kwa moyo kuliko alivyojua vichwa vya wateja wake, kwa nini watu wanunue gemu isiyochezeka.

"Ikichezwa inachakaa, Bi Chausiku. Ikichakaa, alama zinashuka. Hata nukta ya kalamu ikiigusa, inakuwa sifuri, haitozwi hata kodi."

"Hebu rudia hayo ya mwisho," Chausiku alisema.

Tawakali na wakadiriaji waliporudi kutoza kodi ya muhula mpya, walimkuta amekaa kwenye kigoda, nusu ya rafu iliyobaki ameipanga mapajani, mkononi ana kalamu nene ya wino usiofutika. Aliwasubiri waingie wote. Kisha akaichukua Kima wa Mnazini, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: CHAUSIKU. Akaiweka kando. Akachukua nyingine. Mkadiriaji wa machozi akajishika kifua. Tawakali alimrukia kumnyang'anya kalamu, wakavutana, na mwishowe jina la shemeji yake likawa limechorwa pia kwenye mkono wa koti lake jeupe.

"Unajua umefanya nini?" alimuuliza akihema.

"Nimeandika jina langu kwenye vitu vyangu. Sasa ni sifuri. Kodi ya sifuri ni ngapi, shemeji?"

Akapelekwa mahakamani kwa kosa la kuhujumu uadimu. Mwendesha mashitaka alisema mshitakiwa ameharibu mali ya taifa.

"Ya taifa au yangu?" Chausiku aliuliza.

"Ni yako wakati wa kulipa kodi," Hakimu alimfafanulia bila ukali. "Wakati wa kuharibu ni ya taifa. Keti."

Kisha akapanda kizimbani mtaalamu wa Mamlaka, akaapa, akaeleza kwamba uchunguzi wa kina umebaini jambo la ajabu. Kaseti za kawaida za aina hii zipo ulimwenguni, ingawa chache. Kaseti zilizoandikwa kwa mkono na mhalifu, mbele ya maofisa wa serikali, kwa kusudi la kukwepa kodi, hazipo popote isipokuwa hizi. Kwa hiyo si sifuri. Zimepanda mara kumi.

Chausiku akadhani ameponyoka, maana kilichopanda hakijaharibiwa. Hakimu akasafisha koo.

"Mahakama inampongeza mshitakiwa kwa kuongeza thamani ya mali ya taifa," alisoma, "na inamfunga kwa kukusudia kuipunguza. Vielelezo vitahifadhiwa hazina kuu, milele, pasipo kuuzwa."

Akafungwa. Huko gerezani alikorogeshwa uji na kufagishwa uwanja, na hakuna aliyemtesa, ila kila askari magereza alimletea kaseti yake aiandike jina. Aliwakatalia wote. Wakaenda wakaandika wenyewe.

Na si wao tu. Mji mzima ulishika kalamu. Kila aliyekuwa na kaseti uvunguni, hata ya gemu mbovu kuliko zote, aliitoa akaiandika CHAUSIKU. Wengine waliandika CHAUSHIKU. Wengine, kwa pupa, CHASUKU. Kalamu za wino usiofutika zikawa adimu, Mamlaka ikazipangia bei tatu. Walanguzi walikaa sokoni, mmoja anamlangua mwenzake, huyo naye anatafuta wa kumlangua, na jina la mwanamke aliyekuwa anafagia gereza likazunguka mikononi mwao kuliko noti.

Siku ya kutembelea wafungwa akaja Machano. Alikonda, mashavu yamejaa ndevu zake mwenyewe. Alitazama huku na huku, akafunua shati, akatoa kaseti, akaibandika kwenye wavu uliowatenganisha.

"Niambie kama ni yenyewe," alisema.

Chausiku hakuhitaji kuitazama sana. Ilikuwa Kima wa Mnazini, na ule mkwaruzo wa sufuria ya uji uko palepale.

"Hii si iko hazina milele? Umeipata wapi?"

"Mlango wa nyuma. Kwa shemeji yako. Ameitoa hii moja tu kupima soko, nyingine anazibana mpaka bei ipande zaidi."

"Umeinunua kwa pesa gani, Machano?"

Kinyozi akahesabu kwa vidole. "Viti. Na kioo kile kikubwa. Na cherehani ya mke wangu, ila yeye hajajua, anadhani iko kwa fundi."

"Umeuza viti vya kunyolea ununue gemu ambayo ulikuwa unaicheza kwangu kwa sarafu moja?"

"Bei inapanda, Bi Chausiku. Safari hii sitaizuilia mlango." Sauti yake ilikuwa ya chini, na macho hayakutulia. "Ni yenyewe au si yenyewe?"

"Ni yenyewe. Toka mbele ya macho yangu."

Akatoka akitabasamu. Chausiku alirudi kwenye ufagio wake akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa sababu huyu hakuwa Tawakali. Huyu alikuwa jirani aliyemsaidia kumzika mumewe.

Kisha kofia pana zikaanza kunung'unika. Kila mlanguzi alikuwa na Chausiku ya kweli, na kila mmoja aliapa. Wageni wakaacha kununua, wakakaa hotelini wakisubiri, na hoteli zikakosa maji ya kuwaogesha. Mtukufu akakasirika. Likatoka tamko kwamba mfungwa Chausiku amesamehewa, na papo hapo ameteuliwa kuwa Mthibitishaji Mkuu wa Taifa, kwa kuwa ni yeye pekee anayeujua mwandiko wake. Atakachokiita chake ni hazina. Atakachokikana kitasagwa na mashine ya kushindilia barabara, mbele ya wananchi, ili iwe fundisho.

Tawakali alimfuata gerezani mwenyewe, na doti ya kitenge kipya mkononi.

"Yaliyopita yamepita, shemeji," alisema garini. "Kazi ni nyepesi. Nitaleta boksi moja. Hizo sema zako. Nyingine zote zikane, zisagwe. Zikibaki zangu peke yake, hakuna bei ambayo hawatalipa. Tunagawana."

"Na ya Machano?"

"Nani?"

"Kinyozi uliyemuuzia."

"Ah. Nayo isagwe. Ikibaki, inapunguza za kwangu."

Chausiku akatazama nje ya dirisha. Alifikiria aikatae kazi. Lakini akaona kwamba akikataa atarudishwa kwenye ufagio, na watamteua mwingine asiyejua hata kusoma jina lake.

Siku ya uthibitisho ukumbi wa Mamlaka ulifurika. Mbele palikuwa na meza, kiti chake, na ubao wa bei. Waandishi wa habari walikaa upande mmoja, kofia pana upande mwingine, na nje mashine ya kushindilia ilikuwa inaunguruma. Wa kwanza alikuwa mpagazi wa sokoni na kaseti iliyoandikwa CHASUKU.

Chausiku akaigeuza, akalitazama jina lake lililokatwakatwa.

"Yangu," alisema.

Mpagazi nusura aanguke. Tawakali akatabasamu, akidhani ni mzaha wa kuwachangamsha watu. Akaja muuza samaki. "Yangu." Akaja askari magereza. "Yangu." Akaja mzee na kaseti ambayo wino wake haujakauka, ukamchafua vidole. "Yangu hii. Niliiandika siku ya mvua." Foleni ikaanza kukimbia. Kila alipotamka, karani alifuta bei ubaoni akaandika nyingine ya chini, na kofia pana moja baada ya nyingine zikainuka na kuelekea mlangoni.

Tawakali akamwinamia sikioni. "Unafanya nini?"

"Nathibitisha."

Machano alifika mezani bei ikiwa imebaki ya kilo mbili za nyama. Hakuiweka kaseti mezani, aliishikilia.

"Sema yangu tu ndiyo ya kweli," alimwambia kwa sauti ya kuomba. "Useme hizo nyingine ulikosea. Una mamlaka hayo. Mimi nimeuza kila kitu."

"Najua."

"Basi sema."

Nyuma ya Machano foleni ilifika hadi barabarani, na kila mtu ndani yake alikuwa ameuza kitu au yuko tayari kuuza.

"Yangu," alisema, kama alivyowaambia wote.

Machano akaondoka na kaseti yake, na karani akashusha bei.

Mwisho likaletwa boksi la Mkurugenzi. Chausiku akalifunua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mkono ukamsita. Nusu ya rafu yake iliyobaki ilikuwa humo, kasoro Kima wa Mnazini tu, kwa mwandiko wake. Ya juu kabisa ilikuwa Mbio za Punda. Mumewe aliicheza kila Ijumaa baada ya chakula, akiinamisha mwili mzima kwenye kona kama kwamba yeye ndiye aliyempanda punda. Alijua kwamba akisema neno moja zitarudi kwa Tawakali, na akisema lingine zitakwenda chini ya ile mashine. Halikuwapo neno la kuzirudisha nyumbani.

"Si yangu," alisema.

"Itazame vizuri, shemeji."

"Si yangu. Na hii si yangu. Na hii."

Tawakali alikwisha kutokwa na jasho. "Nilizitoa mapajani mwako kwa mikono yangu," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Unajua na mimi najua."

"Paza sauti," Chausiku alimwambia. "Waandishi wale kule hawakusikii. Waambie ni vile vielelezo vya hazina, vya milele, na leo viko kwenye boksi lako."

Tawakali akafungua mdomo, akatazama upande wa waandishi wa habari, akaufunga. Boksi likabebwa nje. Chausiku alibaki kitini akiusikiliza mlio wa plastiki inavyopasuka, na hakumwangalia mtu yeyote mpaka ulipokwisha.

Serikali ile haiachi mtumishi aaibike. Tawakali alihamishiwa Mamlaka ya Maji, kwa kuwa ana uzoefu wa kukifanya kitu kiwe adimu, na mpaka leo anasifiwa. Mamlaka ya Vitu Adimu ikatangaza kwamba zoezi limefanikiwa kuliko ilivyotarajiwa, kisha ikafungwa.

Wananchi ndio waliobaki na hazina zilizothibitishwa, na mara wakakumbuka kwamba hazina hutozwa kodi. Kwa bei gani, hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kusubiri aambiwe. Asubuhi moja Chausiku alipofungua banda alikuta lundo la kaseti mlangoni. Kila mtu alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe, maana jina liko ubavuni na serikali imethibitisha. Alizipanga rafuni, CHAUSHIKU na CHASUKU na wenzao, akazipuliza meno. Nyingi ziliwaka. Wapagazi wakarudi kwenye benchi.

Machano hakurudi. Alikuwa ananyolea nje, mteja amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, na Chausiku akipita alijifanya anatafuta wembe. Mkewe alikuwa amekwisha kujua habari za cherehani, na mtaa mzima ulijua kwamba amejua. Ikaenda hivyo mpaka siku moja mchana, mvua ilipowakimbiza wateja wake, akaingia bandani na kaseti yake chini ya shati. Hakusalimia.

"Niambie ukweli," alisema. "Hii ni ya kweli au ni kama zile?"

"Ni ya kweli. Ndiyo pekee iliyobaki."

"Na ungeweza kusema hivyo siku ile."

"Ningeweza."

"Ningeiuza siku ileile."

"Kwa nani, Machano? Kofia pana walikwisha toka."

"Kwa yeyote. Kwa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni."

"Nyuma yako alikuwa Mama Tindo muuza mchicha. Alikuwa na hati ya kiwanja chake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuja kununua, siyo kuthibitisha."

Mvua iliendelea kupiga bati, na wapagazi kwenye benchi wakajifanya wanatazama tivii.

"Ningemuuzia," Machano alisema mwishowe.

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

"Sitakusamehe, Bi Chausiku."

"Sijakuomba." Akanyoosha mkono. "Unacheza au umejikinga mvua tu?"

Machano akatoa sarafu, akaiweka mezani kwa kishindo. Chausiku akaipokea kaseti, akaipuliza meno, akaichomeka. Kima akatokea chini ya mnazi. Kinyozi akavuta pedi, akawasukuma wapagazi wampishe nafasi, akaanza kupanda.